Meno ya Jiliwa kwenye Sarafu ya Uchumba

Mtaa wa Linden,
Zanesville, Ohio.
12 Agosti 2017

Mpendwa mwanangu Corinne,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi shangazi yako, na kutoka kwa mume wangu Floyd, ambaye goti lake limekubali kupanda ngazi tena baada ya kununa majira yote ya baridi. Sisi tu wazima. Mahindi ni matamu mwaka huu, na nyanya zimezaa mpaka majirani wanatukwepa. Natumaini nawe hujambo huko Ketchikan, kwamba mvua yenu haijawaotesha kuvu, na kwamba kifua cha mama yako kimepata nafuu.

Sarafu yako ilifika Jumanne. Umeniomba niitazame kabla ya harusi, kwa kuwa Trent amekupa hiyo badala ya pete, akidai ni kosa la kiwandani, adimu kuliko almasi, na kwamba aliuziwa na mzee mmoja wa Juneau. Umeandika pia kwamba moyo wako umeingia shaka, ndiyo maana umeituma kimya kimya. Basi nitakujibu bila kupaka asali.

Kwanza ujue ninashinda na watu wa namna gani. Kila Jumamosi naketi kwenye meza ya chama chetu cha sarafu, katika ukumbi wa maveterani, nao wanakuja. Juzi bwana mmoja alileta senti iliyokanyagwa na magari kwenye maegesho ya duka, kaiviringisha kwa pamba kama kifaranga mgonjwa.

"Mama, usiiguse kwa vidole. Hii ni nadra."

"Baba yangu, hii imekanyagwa na lori. Nadra ni lori ambalo halijaikanyaga."

Alininunia, akaondoka kumtafuta wa kumdanganya vizuri zaidi. Nyuma yake alikuwapo mama mwenye robo dola yenye ukingo mnene na maandishi yaliyofifia, sarafu iliyokwama ndani ya mashine ya kukaushia nguo ikapigwapigwa kwa miezi. Nilipomwambia hivyo, alinijibu kwamba mtu wa kwenye video amesema vingine. Siku hizi kila mwenye simu na kucha chafu ni profesa wa sarafu, na watu wazima wenye akili zao wanapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa wakimsikiliza.

Jambo lenyewe si gumu. Sarafu huanza ikiwa kipande kitupu cha madini, kisha chapa mbili, yaani mihuri ya chuma yenye picha, hukibana juu na chini kwa mpigo mmoja. Kosa la kiwandani hutokea hapo. Yanayokuja baadaye ni kuchakaa, ambako hula taratibu kuanzia sehemu zilizoinuka, au ni kuharibiwa, na mharibifu siku zote huacha alama.

Sasa ya kwako. Ni kweli zipo sarafu za kosa zenye kichwa kilichogeuka kinyume na kuzama ndani. Sarafu iliyotangulia hunasa kwenye chapa, ikajipiga muhuri juu ya inayofuata. Lakini hiyo inayofuata bado ni tupu, kwa hiyo upande ule hubeba picha moja tu. Ya kwako ina mbili. Kichwa cha rais kipo, kimebonyea, na juu yake yamedidimizwa maandishi ya kinyume. Ilikuwa robo dola kamili, imetumika, ndipo mtu akaiunganisha na mwenzake akazibana kwa jiliwa, kile chuma cha fundi chenye taya mbili za kubania vitu. Halafu, kwa wingi wa akili zake, akaisugua kwa dawa ya meno. Weupe wake bado umejaa kwenye herufi. Hata ingekuwa halisi, hapo angekuwa ameshaiua thamani.

Floyd alimtetea kijana wako.

"Verna, huenda naye kauziwa mbuzi kwenye gunia."

"Huenda."

"Basi ni mjinga tu, si mbaya."

"Ukoo wetu umeolewa na wajinga wa kila aina, Floyd, na hatujafa."

Akanitazama kidogo, akaenda kumwagilia nyanya.

Nilitamani sana awe mjinga, Corinne. Mjinga anafundishika, na wengine hata wanapika vizuri. Kisha nikaigeuza sarafu.

Upande wa pili una alama za meno ya jiliwa, mistari iliyokatizana, ila mahali pamoja hapana meno. Pana baka laini lenye umbo la nusu mwezi. Nalijua baka hilo. Ujanani baba yako Merle alivunja taya ya jiliwa la babu yako akigongelea ekseli, nami nikimshikia tochi, na babu yako akalisawazisha kwa tupa huku akitutukana. Merle alihamia nalo Alaska kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka, na mpaka leo limefungwa kwenye banda nyuma ya nyumba yenu. Jiliwa lile halijawahi kufika Juneau.

Lakini macho yangu ni ya kizee, usiyaamini. Ninakurudishia sarafu ndani ya bahasha hii. Chukua kipande cha sabuni, nenda bandani peke yako, ukibane taratibu kwenye jiliwa, kisha ukilaze karibu na sarafu utazame. Usimwite Trent aje kukueleza. Maelezo anayo tele, nimeyasoma kwenye barua yako. Alama zikilingana, njoo. Chumba cha juu nimeshakitandika, na nauli Floyd amesema ni juu yake.

Msalimie sana mama yako, wifi yangu Bernadine, umwambie nitamtumia mbegu za nyanya. Msalimie Lorene na pacha wake, na mzee Ansel wa jirani. Mungu akutangulie katika kila mlango utakaoufungua.

Trent sijamtumia salamu. Zake zinangoja sabuni.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye kwa maneno makali,
Verna