Mbire Katikati ya Migomba ya Kupika

Mjukuu wangu Kemilembe,

Marahaba, shikamoo yako imefika mpaka Ihembe. Babu yako kikohozi kimempungua, na kahawa imechanua.

Unauliza kama tung'oe migomba yetu ya mchanganyiko tupande aina moja tu. Mwenzio nilishafanya hivyo. Nilipoolewa hapa, niliona migomba ya mbire, ile ya ndizi za pombe, inanichafulia kibanja, shamba letu la nyumbani. Mama mkwe alipokwenda msibani Nyakakika, nikaing'oa yote ya upande wangu, nikabakiza ya kupika.

Misimu miwili ikapita. Upande wa mama mkwe, uliobaki na mchanganyiko, majani makavu tuliyotandaza yalioza yakawa udongo mweusi. Upande wangu yalilala vilevile, na mikungu ikawa midogo. Migomba ilikuwa ileile ya kupika, ila haikuwa tena na jirani.

Mama mkwe hakunigombeza. Aliniletea chipukizi la mbire, akasema, "Mwanangu, jani la peke yake linachelewa kuoza."

Sababu yake utanieleza wewe uliyesoma. Njoo likizo, mama. Ila panga liache mlangoni. Chipukizi lako la mbire nimeshalichimbia shimo.

Bibi yako