Mimba ya Mzee Elieza

Jumatatu, 6 Oktoba 1997
Mgao wa umeme ulitangazwa kuanza saa nane. Wamekata saa tano, faili la ng'ombe wa mradi likiwa wazi! Uliporudi, kompyuta ikanionyesha nyota, mishale na vijisura vinavyocheka. Meneja Reginald kachungulia, kauliza kama hicho ni Kijerumani. Nikamwambia faili limeharibika. Basi nilitengeneze, kasema, Jumamosi ya wiki ijayo tunakabidhi ndama, na bila faili hatujui nani anampa nani. Kopi ilikuwepo kwenye disketi — mwenyewe aliichukua Agosti, akaandikia juu yake kadi za harusi ya shemeji yake.

Jumanne, 7 Oktoba
Luqman, aliyenifundisha kompyuta, kaja na programu ya kurekebisha mafaili. Kanywa chai vikombe vitatu, majina yote yakarudi. Safi! Nimechapa barua za wafugaji hapo hapo, zimeondoka na pikipiki.

Alhamisi, 9 Oktoba
Aibu gani hii. Mzee Elieza, mzee wa kanisa, kaingia ofisini na fimbo mkono mmoja, barua mkono wa pili. Wala haikuwa barua yake. Ilipelekwa kwa Mama Skolastika, naye akaisomea kwaya nzima: "Ng'ombe wako Elieza ana mimba ya miezi saba. Acha kumkamua."

Nikaelewa. Kwenye mradi wetu ndama jike wa kwanza unampa jirani, na jirani humwita kwa jina lako, ndiyo shukrani. Mzee Elieza ana ng'ombe aitwaye Skolastika. Programu imerudisha majina, ila ya watu yamekaa kwa ng'ombe, ya ng'ombe kwa watu. Ukisoma hushtuki, yote ni majina ya watu!

Nimempa shikamoo mara mbili. Kasema amevumilia vijiji vya ujamaa, akavumilia soko huria, lakini kuzaa hapana.

Ijumaa, 10 Oktoba
Majina nimeyageuza. Safu ya jinsia ya ndama ndiyo imekufa kabisa. Meneja kasema tupite nyumba kwa nyumba, tuangalie kwa macho. Oldonyo Sambu niende mimi, ni kwetu, nitamaliza haraka.

Jumapili, 12 Oktoba
Kwa mama. Bandani kuna ng'ombe wawili: Anande, wa mradi, na yule ambaye mama alisema kaletwa na mjomba kutoka Machame. Nimewaona kila nikija, sijawahi kuwaangalia. Leo nimeangalia. Baka jeupe usoni, mguu wa nyuma wa kushoto mweupe — wote wawili.

Nikamuuliza mbona ng'ombe wa mjomba kafanana hivi na Anande. Mama akakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. Kisha: "Kozi yako ya kompyuta ulidhani imelipwa na mchicha?"

Kumbe ni ndama wa Anande. Kwa mradi mama aliripoti kwamba Anande kazaa dume. Dume hilo linakamuliwa tangu mwaka juzi, na ndilo lililonisomesha.

Jirani yetu Mama Simaloi kanisalimia toka ng'ambo ya ua. Ndiye anayemfuata mama kupokea. Mwaka wa nne huu anasubiri. Anamwombea mama apate jike, na majani ya yule "ng'ombe wa mjomba" humsaidia kukata. Nimeona haya hata kumtazama.

Jumatano, 15 Oktoba
Mama katuma maziwa ya mgando kwa basi. Chupa mbili. Kawaida huwa moja.

Ijumaa, 17 Oktoba
Faili limejaa, bado mstari mmoja, wa mama. Nikiandika D, dume, hakuna atakayejua. Nikiandika J, kesho mama anamtoa ng'ombe mbele ya wafadhili — na ndiye aliyepangiwa kufungua kwa sala! Nampenda mama. Ningependa kuwa na mama asiyenipa kazi hii.

Mama Simaloi yuko kwenye benchi hapa nje. Hakuja kudai. Kasikia kompyuta iliumwa, anataka tu kujua kama jina lake bado limo. Banda alishajenga. Na jina la ndama keshachagua: la mama yangu.

Nimeandika J. Kompyuta inauliza kama ihifadhi, Ndiyo au Hapana. Mgao ni saa nane. Wiki iliyopita walikata saa tano, na leo ninapowahitaji wakate, umeme umetulia tu.