Mama Amekataa Kumfungia Mzimu Mlango

Jumapili jioni. Jua limechoma mabati mchana kutwa, na upepo wa ziwa umeleta harufu ya samaki tu, baridi hamna. Roho yangu? Usiniulize.

Mnanijua. Shule niliachia Form Two, lakini hapa Nyalenda dairekta ni mimi, hao wengine ni wapiga picha za harusi. Wiki nzima nimewatambia kwamba natengeneza filamu ya kutisha, ya kuwafanya mwende choo wawili wawili. Leo tulikuwa tunapiga sehemu ya mwisho. Aliyetishika ni mimi.

Hadithi yenyewe ni ya Dani, nyanya yangu. Kwetu mtu akizama ziwani na mwili ukakosekana kabisa, haachwi hivyo. Linatafutwa tunda la yago, lile refu na zito kama mguu wa mtu, linalazwa kaburini badala yake, watu wanalia kama kawaida na mambo yanaisha. Sasa kwenye hadithi ya Dani, yule aliyezama anarudi. Anapiga hodi jioni, amelowa, anaita mama yake. Na mama hapaswi kufungua. Akifungua, kaburi litajua lilidanganywa kwa tunda, litadai mtu wa kweli kutoka nyumba hiyo.

Tamu, si ndiyo? Dani alikuwa anatusimulia kila likizo.

Aliacha tulipomzikia yago kaka yangu Omosh.

Mimi nikaona stori kama hii inaoza bure. Ndiyo ukweli wangu, nauandika hapa. Sikumfikiria Omosh. Nilifikiria makofi.

Kazi tumefanya, msidharau. Tumeziba madirisha ya nyumba yetu kwa mablanketi mazito ya soko la Kibuye ili mchana uwe usiku. Ochi, rafiki yangu mwenye kamera, alitaka mzimu uwe na damu na meno. Nikamwambia damu ya nini, huyu amekufa maji. Tukamvisha Felo, kijana wa jirani, gugumaji la ziwani mabegani, mizizi ikining'inia inatiririka maji, akajikuna mpaka nikamhurumia. Uso wake nikaamua tusiuonyeshe kabisa. Mlango tu, na sauti. Hiyo akili haifundishwi shule.

Mama wa kwenye filamu ni mama yangu mwenyewe. Nilimbembeleza sana. Maneno nilimpa machache: akisikia hodi aegemee mlango, alie, aseme, "Rudi ulikotoka, tulishakuzika."

Felo akabisha. "Mama, ni mimi. Nifungulie."

Mama akafungua.

Nikasema kata. Hata nilicheka. "Mathe, wewe unaegemea tu. Hufungui. Ukifungua filamu imekufa."

"Sawa, baba," akasema.

Tukarudia. Akafungua tena, na safari hii akamshika Felo mkono, na gugumaji lake lote, akamuuliza, "Umekula?"

Ochi akashusha kamera. "Omera, ndugu yangu! Mzimu anaulizwa kama amekula? Sasa hii ni filamu ya kutisha ama ni hoteli?"

Felo naye, kichwa chepesi, akajibu, "Bado, Mama."

Tulicheka mpaka mablanketi yakatikisika. Mama hakucheka.

Ochi akanivuta kando. Akasema tumwite Mama Akinyi wa ploti ya nyuma, yule ana sauti ya matanga, atalia mpaka mzimu mwenyewe akimbie. Nikakubali. Nikaenda kumwambia Mama apumzike, tutapata mtu mwingine. Nikamweleza taratibu, kama dairekta, kwamba hadithi inataka mlango ubaki umefungwa, maana ukifunguliwa kaburi linadai mtu.

Alikuwa anamtoa Felo mizizi shingoni. Hakuniangalia.

"Na lidai. Si mimi nipo?"

Nikaelewa.

Miaka yote hii Mama angebadilishana. Angeingia kaburini kule chini leo hii, hata bila kufunga kitambaa vizuri kichwani, bora Omosh aketi kwenye kiti chake ale. Na mimi nimesimama pale mbele yake, fulana imeandikwa DAIREKTA, mtoto aliyebaki, na kwenye hiyo hesabu simo.

Nikawaambia vijana kazi imeisha kwa leo. Mablanketi tumeyatoa, nyumba ina mwanga tena. Mama anasonga ugali, anaimba wimbo wa kanisani kama hakuna kitu kimetokea. Sufuria ni ileile kubwa, na tuko wawili tu.

Ochi ametuma ujumbe. Mama Akinyi yuko tayari, tena amefurahi.

Nimemjibu hapana. Mama atabaki, na mlango utafunguka. Sibishani naye tena. Watu wasipotishika, shauri yao.

Ila naongeza mtu mmoja. Kwenye hadithi ya Dani hakuna mtoto mwingine mle ndani. Mimi nitamweka, na nitamcheza mwenyewe. Mama akishika komeo, yeye atakuwa amesimama nyuma yake, na lazima aseme kitu kabla mlango haujafunguka. Nimeandika nikafuta, nimeandika nikafuta. Kesho asubuhi wataniuliza maneno, na sina.

Aseme nini, ili mama yake ageuke?