Mchana Mfunge Kivulini

Kasese, 4 Februari 2025

Mjomba wangu mpenzi,

Salaam alaikum. Natumaini umeamka vizuri na miguu imepunguza kuvimba. Jirani yako Immy alinitumia ujumbe kwamba kikohozi kimekwisha, nikamshukuru Mungu. Mimi niko mzima. Kwa vile masikio yako hayataki tena simu, barua hii anakuletea Wahab mchuuzi pamoja na samaki wake wa Kasenyi, kwa hiyo usiulize kwa nini inanuka.

Mjomba, Theluji iko mgonjwa na sijui nifanye nini. Ni yule farasi mweupe niliyemlea kwa chupa mama yake alipokufa, yule nilikuletea picha yake. Inaacha chakula nusu. Inasaga meno kama mtu mwenye hasira. Nikikaza mkanda wa tandiko, inageuka kuniuma, mimi! Jana ilifika mbele ya kizuizi cha kuruka ikasimama, ikakataa kabisa. Bwana Benon, mwenye farasi, alipiga kelele: "Hii iko na kichwa mugumu kama wewe mwenyewe!" Nikamwambia, "Bosi, iko na maumivu." Akasema, "Maumivu ya wapi? Miguu yote ine iko muzima."

Mimi naona ni tumbo. Wewe ulikaa na farasi miaka mingi kule Masisi, Kongo, kabla ya vita. Niambie unachojua. Nikiipoteza hii, sijui nitaamka asubuhi kwa ajili ya nini.

Mwanao,
Raihana

*

Bwera, 7 Februari 2025

Mwanangu Raihana,

Wa alaikum salaam. Barua imefika ikinuka samaki, na paka wa Immy ameifuata hadi mezani. Miguu haijambo. Nakaa barazani nikitazama milima ya ng'ambo, ambayo haijasogea karibu wala mbali tangu nilipovuka mpaka.

Kwanza nikusahihishe kidogo, maana ualimu ni kazi yangu. Theluji ana jina na ana roho. Usiandike "inakula", andika "anakula". Usiandike "naiona", andika "namwona". Kiswahili cha mpakani kinamtia kila kiumbe katika gunia moja pamoja na meza na ndoo.

Sasa tumbo. Mimi sikuwa daktari, nilikuwa mtunza dawa wa shamba, lakini daktari niliyemtumikia alikuwa mtu wa kueleza. Tumbo la binadamu humwaga tindikali zaidi chakula kinapokuja. La farasi humwaga usiku na mchana, ale asile. Aliumbwa kutafuna majani kutwa nzima, na mate ya kutafuna ndiyo yanayopoza ile tindikali. Mnyime majani kwa saa kadhaa, mjaze nafaka, kisha mpande mbio tumbo likiwa tupu: tindikali inaruka juu, inaunguza sehemu isiyo na kinga. Ndivyo vidonda vinavyoanza. Farasi wa mashindano wengi wanavyo, nao huitwa wakaidi.

Mpe majani ya lusani kidogo kabla ya kumpanda. Usimpe dawa za maumivu kwa kubahatisha, baadhi yake huchimba tumbo zaidi. Na mwite daktari mara moja. Kidonda kinaweza kutoa damu, na kikitoboa tumbo hakuna wa kumrudisha.

Mjomba wako,
Abubaker

*

Kasese, 26 Februari 2025

Mjomba wangu,

Salaam alaikum. Habari za tangu juzi, habari za miguu, habari za paka mwizi? Sisi huku tuko wazima, na leo nasema "sisi" pamoja na Theluji!

Daktari Naome alikuja na mpira mrefu wenye kamera. Aliagiza Theluji asile kitu tangu jioni ya jana yake, maana tumbo likijaa nyasi kamera haioni. Nasif, mwenzangu wa bandani, alicheka sana. "Angalia! Hata farasi inatangulia kufunga, na Ramadhani bado!" Kamera ilipoingia, Mjomba, nililia. Vidonda vimejipanga kama nyama iliyobabuka kwa mafuta. Daktari akasema tumewahi, lakini kwa shida.

Sasa anapewa dawa ya kupunguza tindikali kila asubuhi kabla ya kula, nafaka imepunguzwa, nyasi haziishi. Amerudi kuwa yule wangu. Jana alinipokonya kitambaa kichwani akakimbia nacho.

Shida ni moja. Bwana Benon anapeleka farasi wawili kwenye mashindano Kampala, na lazima niende nao. Theluji atabaki na Nasif. Nasif ana moyo mzuri, lakini nikimwagiza mimi anajibu, "Ndiyo, madamu," kisha anafanya lake. Wewe ulimfundisha Kurani. Neno lako haligeuzi. Tafadhali mwandikie maagizo kwa mkono wako. Ya kumwambia ni haya, nimeandika haraka:

"Asubuhi dawa mbele ya chakula. Usimupande. Usiku nyasi isiishe. Muchana uifunge ku kivuli na wavu yake ya nyasi, sababu ikibaki ndani inaona zingine zinatoka, inazunguka-zunguka na kuchoka."

Nisaidie, Mjomba. Nikijua ameshika maagizo yako, nitasafiri na moyo umetulia.

Mwanao,
Raihana

*

Bwera, 28 Februari 2025

Mwanangu,

Wa alaikum salaam, na uende salama. Habari ya kitambaa imenichekesha peke yangu hadi Immy akaja kuuliza kama naumwa.

Nimemwandikia Nasif, na Wahab ameichukua leo. Nimesafisha lugha na kuondoa marudio, maana nyasi ulizitaja mara mbili, na sababu nazo si lazima kwa mtu anayetii. Nimeandika hivi: "Asubuhi mpe dawa kabla ya chakula. Usimpande. Usiku nyasi zisikatike mbele yake. Mchana mfunge kivulini. Mwenyezi Mungu akulipe kwa subira yako katika mwezi huu." Maneno machache hukaa kichwani.

Nenda ukafanye kazi yako. Ramadhani njema.

Mjomba wako,
Abubaker

*

Kasese, 17 Machi 2025

Mjomba,

Salaam alaikum. Sijui umeamkaje, sijui naandika nini.

Tumerudi jana. Nilishuka nikakimbia bandani nikimwita. Alikuwa amelala chini. Theluji halali mchana. Fizi ni nyeupe kama karatasi hii, masikio ya baridi, mbavu zinahesabika. Nasif amekaa pembeni yake na ndoo ya maji. Nikauliza, "Amekula nini leo?" Akasema, "Bado. Magaribi haijafika."

Nikadhani anajisemea yeye. Nikamwambia, "Nauliza Theluji!" Akanitazama kama mtu asiyeelewa. "Ndiyo, Theluji. Tunafunga wote wawili. Maalimu aliandika."

Akatoa barua yako mfukoni. Akanionyesha kwa kidole. Usiku nyasi zisikatike. Mchana mfunge kivulini. Mjomba, amesoma: mchana mfunge, wewe na farasi, mkae kivulini. Siku zote nilizokuwa Kampala alimwondolea nyasi baada ya daku na kumrudishia magharibi. Anasema, "Nilishangaa kidogo. Lakini hata daktari aliifungisha ile siku ya kamera. Nikasema labda ndiyo matibabu. Na mwezi ni mtukufu."

Na mimi nilimpigia simu! Nilimuuliza, "Nasif, Theluji unaifanya nini muchana?" Akasema, "Ni kufunga, muchana yote, ku kivuli, vile Maalimu aliandika." Nikamwambia asante. Nilimwambia asante, Mjomba.

Daktari Naome amefika. Anasema vidonda vimefunguka upya na vinatoa damu. Anaongeza dawa ya kuvifunika. Hakutaka kuniahidi kitu. Bwana Benon anasema tusimtese, mwisho wake ni leo au kesho.

Nasif analia hapa nje. Mimi siwezi kulia. Niambie kitu.

Raihana

*

Bwera, 18 Machi 2025

Mwanangu Raihana,

Wa alaikum salaam. Sikuulizi hali.

Nimeisoma sentensi ile tangu Wahab aliponiletea barua yako. Nimeisoma kwa sauti, Immy amesimama mlangoni. Nasif hakukosea. Mtu mmoja akiambiwa "mfunge" juu ya farasi, anachukua kamba. Watu wawili wakiambiwa "mfunge" katika mwezi wa Ramadhani, wanaacha kula. Neno ni lilelile, herufi kwa herufi, na sarufi inaruhusu yote mawili. Wewe uliandika "uifunge". Hakuna mtu kuanzia Mpondwe hadi Bwesumbu ambaye angekosea kuelewa. Uliandika wavu wa nyasi pia, nami nikaukata kwa sababu sentensi ilinipendeza zaidi ikiwa fupi.

Nilimwambia mtu aliyefunga afunge, kisha nikamwombea kwa subira yake. Ningekuwa Nasif, ningefanya vilevile. Usimfukuze. Usimwambie neno ambalo ni langu mimi kuambiwa.

Unataka nikuambie kitu. Nimevuta karatasi hii mara nyingi. Ninachokijua kuhusu tumbo la farasi nilikwisha kukueleza, na daktari anajua zaidi. Sina kingine. Niliyoyapoteza Masisi yaliondolewa na watu wenye bunduki, na miaka yote hii nimekaa nikiwahesabia makosa yao. Kwa huyu hakuna wa kumtaja ila mimi.

Mwambie Bwana Benon asubiri. Mwambie namsihi, mtu mzima kwa mtu mzima.

Akifa, niandikie hata mstari mmoja. Usinyamaze.

Mjomba wako,
Abubaker

*

Kasese, 20 Machi 2025

Mjomba,

Iko hai.

Naandika haraka, nimepiga magoti kwenye majani. Nyasi kwenye wavu haigusi. Lusani ndani ya ndoo haigusi. Lakini ukiweka majani machache kwenye kiganja, ukashika taya, ukangoja, inatafuna kidogo. Inameza. Unangoja tena. Daktari Naome anasema mutu asiache mkono mpaka tumbo ipate kazi ya kufanya, mchana na usiku, bila kupumzika, na hata hapo hajui. Asubuhi ilikataa muda mrefu nikadhani imekwisha. Halafu ikachukua.

Bwana Benon amekubali kungoja mpaka Jumapili. Hakunipa zaidi.

Tuko wawili tu. Nasif hakuondoka hata kwenda nyumbani kufuturu, amefuturu hapa kwa maji na ndizi moja, huku anashika kichwa cha Theluji. Jana alisinzia akaanguka kwenye ndoo. Mimi mkono wa kulia haushiki tena kalamu vizuri, unaona mwandiko.

Barua yako nimeisoma. Niko na hasira na wewe, Mjomba. Sitakuficha. Labda itaisha, sijui. Sasa sina nafasi yake.

Usinijibu. Wahab atakuwa amesimama nje ya kwako unaposoma hapa, nimemwambia asirudi bila wewe, hata kama samaki itaoza. Panda gari. Acha kalamu, lete sweta, huku alfajiri ni baridi. Unajua kukaa na mnyama bila kumtisha, na tunahitaji mikono miwili zaidi.

Njoo.

Mwanao,
Raihana