Nyumba Iliyokwisha Kwenye Kompyuta

Mpendwa mshauri, naomba msaada, maana nimemaliza nyumba ambayo sijaanza kuijenga na mdogo wangu ameamini.

Mimi ni fundi wa mawe, nilisoma hadi darasa la sita, kwetu ni Ugenya na huu ni mwaka wa nne niko Kakuma najengea shirika moja stoo na vyoo, na kwa kuwa nilikuwa nasahau kazi, karani wa stoo, Makur, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, alinitengenezea orodha kwenye kompyuta kuukuu isiyo na picha wala kipanya, skrini nyeusi tu, ukiandika "ongeza" na kazi yako inaipa namba, ukiandika "orodha" inakuonyesha zote, ukiandika "maliza" na namba inaipeleka kwenye faili ya zilizokwisha pamoja na tarehe, na haiulizi swali lolote. Hapo pa kutouliza ndipo nilipopenda.

Kazi ya kwanza niliyoandika ni "jenga nyumba yangu kwetu", ikakaa namba moja mwaka mzima, kila asubuhi ndiyo inanisalimu kabla ya Makur, mpaka siku moja nikachoka nayo nikaandika "maliza 1", na siku hiyo nilifanya kazi vizuri sana.

Sasa, sisi Wajaluo mdogo hajengi kabla ya mkubwa, na mdogo wangu Odero, anayekata maua Naivasha, amenisubiri miaka mitatu hadi mchumba wake Sellah ameanza kuuliza kama mimi ni mzima. Wiki jana alipiga simu yangu ikiwa kwenye chaji stooni, akaulizia nyumba, Makur akatazama kompyuta akamwambia, "Imekwisha tarehe nne, mabruk, hongera!" Odero ameshanunua mabati, Pasaka anakwenda nyumbani kujenga. Nilipomgombeza Makur alisema, "Fundi, si wewe uliandika?"

Ukweli ni kwamba nimewajengea watu mawe, naona aibu kulala kwangu kwenye nyumba ya udongo. Je, nimwambie Odero, au kuna kitu kingine naweza kuandika kwenye hiyo kompyuta?

Fundi Ochola, Kakuma, Februari 2013

*

Ndugu Ochola, pole kwa jua na kwa miaka minne. Pole zangu zinaishia hapo.

Makur umwombe radhi. Alisoma ulichoandika, na mwongo hapo stooni ni mmoja tu.

"Jenga nyumba" haikuwa kazi, ilikuwa mzigo, ndiyo maana ulikaa mwaka mzima. Nani huamka akajenga nyumba kabla ya chai? Ile faili ya zilizokwisha ni maandishi tu: mwambie Makur aufute mstari huo wa uongo. Kisha ongeza kazi za siku moja moja: mpigie Odero, omba ruhusa ya Pasaka, kata tiketi ya basi la Kitale. Ya kwanza ifanye leo. Usimweleze habari za kompyuta. Sema, "Nyumba haipo, nilidanganya, nakuja."

Na hiyo aibu yako ya udongo iache Kakuma. Mila yenu inataka mkubwa atangulie, haikutaja mawe. Chimba mashimo, simamisha miti, Odero akukandikie ukuta, kisha wewe umsaidie kupiga mabati yake. Sellah naye akuone kwa macho.

Ila "maliza" usiiandike tena wewe. Odero asimame mlangoni pako, ampigie Makur simu, na Makur ndiye aandike.