Fundo la Punda kwenye Farasi wa Bwana Gilbert

KITUO CHA POLISI BARIADI, MKOA WA SHINYANGA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mahona Bundala. Umri: miaka 41. Kabila: Msukuma. Kazi: fundi baiskeli, na tangu mwezi wa saba mwalimu wa kupanda farasi. Makazi: Bariadi mjini, nyuma ya mnada. Tarehe: 22/8/1996.

Awali ya yote natangaza mbele ya Jeshi la Polisi kwamba kofia ngumu ilikuwepo. Ni ya pikipiki, nyekundu, na kioo chake hakina ufa. Siku ya tukio ilikuwa kichwani kwa Bwana Gilbert, kwa sababu mpiga picha alikuwa amefika.

Bwana Gilbert ni mnunuzi wa pamba, mmoja wa hawa walioingia baada ya ushirika kuondolewa haki ya kununua peke yake. Mwezi wa sita alileta farasi wawili kutoka Arusha. Alisema pamba sasa ina wenyewe wengi, lakini watalii wa Serengeti huku kwetu hawana mwenyewe. Farasi mmoja alikufa wiki ileile waliyofika. Aliyebaki tulimwita Ruksa.

Tulichaguliwa wawili kuwa walimu: mimi, kwa kuwa najua breki, na mzee Mayige wa Shishiyu, aliyesomba magunia kwa punda tangu ujana wake. Aliyetufundisha ni Bwana Gilbert mwenyewe, ambaye huko Arusha alipanda farasi mara mbili.

Somo la kwanza alipanda, akaanguka mbele ya watu wa mnada. Walicheka mpaka wauza mbuzi wakasahau bei. Akajipangusa, akasema usalama maana yake ni mteja asianguke, mengine ni maneno. Akamuuliza Mayige magunia yake huwa anayafanyaje yasianguke. Mayige akasema huwa anayafunga. Bwana Gilbert akasema, "Basi nifunge."

Mayige alimfunga miguu kwenye vyuma vya kukanyagia kwa kamba ya ngozi, akaipitisha chini ya tumbo la farasi na kukaza fundo upande wa pili, kama mzigo wa punda. Bwana Gilbert alizunguka uwanja, hakuanguka, watu wakapiga makofi. Kuanzia hapo fundo hilo ndilo likawa somo letu. Nami nilifaulu. Tulipewa fulana.

Mnamo tarehe 19/8/1996, saa nne asubuhi hivi, alifika mteja wa kwanza, Theonest, karani wa ushirika aliyepunguzwa kazi mwaka jana. Hakuwa mtalii. Bwana Gilbert alitaka picha ya mtu anayecheka juu ya farasi, na Theonest alikuwa mcheshi hata baada ya kupunguzwa. Mayige akamfunga. Mimi nilikuwa kwenye lango la uwanja wa mnada nikizuia mbuzi.

Lori la pamba likapita barabarani, turubai likipigapiga. Ruksa alishtuka, akamponyoka Mayige, akatoka mbio. Tandiko likaanza kulala upande. Theonest alisema, "Mzee Mayige, nifungue." Hakupiga kelele, alisema kama mtu anayeomba chumvi. Mayige akawa anakimbia nyuma yake akimjibu, "Tulia baba, hutaanguka."

Na kweli hakuanguka. Tandiko liligeuka mpaka chini ya tumbo, naye akaenda nalo, hadi farasi alipochoka karibu na josho. Mayige alijaribu kulifungua fundo kwa vidole, likakataa. Lilikuwa limefungwa vizuri. Ikabidi akate kamba kwa kisu. Theonest alifia hospitali mchana huohuo.

Nasikia Bwana Gilbert ameeleza hapa kwamba yeye ni mtu wa pamba na habari za kamba hazijui. Nimekuja mwenyewe, sikuitwa, kwa ajili ya jambo moja. Mzee Mayige hajui kudanganya, wala hajui kurefusha jibu. Ukimuuliza kama alimfunga marehemu atasema ndiyo, kisha atanyamaza. Naomba aulizwe pia nani alimwambia afunge watu, na nani alifungwa wa kwanza akapigiwa makofi. Mnada mzima uliona. Asiulizwe lile la kwanza peke yake.

Niliyoyaona ndiyo hayo. Nimesomewa, yako sawa, natia sahihi.

(Sahihi) Mahona Bundala

Yameandikwa nami, Koplo Masele, saa 5:20 asubuhi. Mtuhumiwa Mayige hayupo tena kituoni. Alifikishwa mahakamani jana. Aliulizwa kama alimfunga marehemu. Alijibu ndiyo.