Mama, Rajabu Anataka Kuvunja Dirisha

Mama,

Nakuandikia nikiwa nimekaa ndani ya dirisha lako. Tangu asubuhi sijatulia. Nimekwenda jikoni nikasahau nilichofuata, nimerudi, nimefungua pazia, nimelifunga tena. Fundi anakuja leo, na nilitaka uisikie habari hii kwangu kabla nyundo haijaanza.

Mtaa wetu wa Kansanga siyo ule uliouacha. Jirani wa kulia amegeuza nyumba yake baa, na muziki unatikisa vikombe vyako kabatini. Bomba lako la moshi, ambalo halijawahi kutoa moshi hata siku moja, bado limesimama, na korongo amelifanya kiti chake. Abiria wa boda bado wanaelekeza kwa nyumba yetu yenye sura ya Kiingereza: "Nishushe pale kwa Malkia."

Ulipokwenda kyeyo, vibarua vya ng'ambo, huko Uingereza, sisi tulibaki na Baba katika kile chumba kimoja cha kota za polisi, Nsambya, pazia katikati. Wenzako walipata kazi ya kufagia hoteli na hospitali. Wewe ukaangukia kazi ya usafi katika jumba la kale huko mashambani. Kila Jumapili ulipiga simu, na badala ya kulalamikia baridi, ulitutembeza. Ulitupandisha ngazi ya mwaloni iliyolika katikati kama sabuni, kwa miguu ya watu waliokufa zamani. Ulitukalisha kwenye dirisha lililotokeza nje kama tumbo la mjamzito, vioo vidogo vidogo, benchi ndani yake. Ulisema sheria inalilinda jumba lile kuliko rais anavyolindwa. Huwezi kupigilia msumari bila kibali. Kigae kikianguka, wanakuja watu wa ofisini wanakiinamia kama madaktari.

Ukarudi nalo kichwani. Baba alicheka mpaka akakohoa: bomba la moshi Kampala, la kazi gani? Wewe ukajenga. Ukamsumbua fundi wa kuchomelea mpaka vioo vikakaa ulivyotaka, ukaweka benchi, ukaketi na chai yako ukiitazama barabara ya Ggaba. Hata ulipoishiwa nguvu, ulituomba tukulete hapa. Hapa ndipo ulipoegemea bega langu siku ile ya mwisho… Basi. Nisiende huko.

Mafuriko ya mfereji wa Nakivubo yaliingia kibandani kwa mdogo wangu Rajabu, alikoishi na kufanyia biashara, yakachukua karibu kila kitu. Mke wake ni mjamzito. Wakahamia hapa, chumba cha nyuma, na kila siku nilimwona akisimama barabarani akiitazama nyumba kama mtu anayepima kitambaa. Hatimaye akasema: upande huu wa dirisha unafaa duka la vifaa vya umeme. Milango miwili ya chuma, rafu, kwisha.

Mama, nilimkatalia vibaya. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii ndugu yake. Kesho yake nikapanda boda mpaka ofisi moja ya serikali inayoshughulikia majengo ya kale, nikaomba nyumba yetu iwekwe chini ya sheria, kama ile yako. Dada wa mapokezi alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza nyumba ina umri gani. Nikamwambia. Hakucheka, Mungu ambariki. Alisema tu, "Pole, dada. Bado ni changa."

Nikarudi na hasira zilezile. Nikamwita Rajabu sebuleni nikamsomea hukumu: Mama alifanya kazi miaka yote ile mahali ambapo hata kitasa hakiguswi, wewe unataka kuvunja dirisha lake? Nilidhani hakumbuki lolote. Wakati wa simu zile za Jumapili alikuwa mdogo, analala mapajani mwa Baba.

Kumbe alikuwa macho, akisikiliza.

Alisema, "Dada, umesahau nusu. Mama alisema ukumbi wa mawe ulijengwa na mtu mmoja. Mjukuu wake akaubomoa ukuta, akaongeza upande wa matofali. Mwingine akavunja jiko, akaweka mnara. Alisema ukisimama bustanini unaona nyumba tatu zimeshikana mikono. Kila mmoja wao alivunja kitu cha mama yake." Akaongeza, "Mimi pia ni mtoto wake." Machozi yalikuwa yanamtoka, Mama, na hakuyafuta.

Nilikaa chini. Nikakumbuka sauti yako ukizihesabu nyumba zile tatu, na jinsi ulivyokuwa ukicheka kwamba ofisi nzima inalinda ukaidi wa watoto wa watu. Nilikuwa nimebaki na vibali na misumari tu. Yeye ndiye aliyebaki na hadithi yenyewe.

Nikamwambia alete fundi.

Sikudanganyi kwamba nimeridhika. Hata sasa, kila pikipiki ikipunguza mwendo nadhani ni fundi. Tumekubaliana benchi lako litahamia upande wa nyuma, penye chumba chao, dirisha litakapotobolewa upya kwa vioo hivihivi. Halitatazama barabara. Litatazama nguo za mtoto zikikauka kwenye kamba.

Kuna mtu mwenye gari kubwa amekuja mara mbili kuuliza bei ya nyumba. Rajabu alikuwa wa kwanza kumfungia geti. Kwa hiyo ninachokuahidi siyo kwamba nyumba itabaki ulivyoiacha. Nakuahidi kwamba haitauzwa nikiwa hai, na kwamba huyo atakayezaliwa nitamtembeza chumba kwa chumba, nikimwambia nani aliweka nini na nani alivunja nini, mpaka achoke kunisikia.

Lala salama, Mama yangu. Msalimie Baba huko mliko.

Fundi amefika, lakini Rajabu amemwambia asubiri barazani. Anataka kuvitoa vioo kwa mikono yake, kimoja kimoja, visivunjike. Ananiita nikamshikie ngazi.

Mwanao,
Zaituni